Namna ya Kuwaonyesha Wengine Picha za Mandhari na Mimea ya Mazingira Yako katika Majira ya Baridi

Kila majira ya baridi yanapoingia, maswali huwa ni yale yale. Mtu ameamka akakuta theluji imefunika kila kitu, ametoka na kamera, amerudi na picha mia mbili, na jioni anauliza: mbona theluji yangu imekuwa ya kijivu? Huu ni mti gani? Niandike mahali nilipoupiga au nisiandike? Swali la kwanza hujibiwa kwa sentensi mbili. La pili mara nyingi halina jibu kabisa, kwa sababu aliyeupiga mti alisimama mbali, akabonyeza mara moja, akaondoka bila kutazama gome wala ncha za matawi.

Karibu kila utakachohitaji kuandika chini ya picha hupatikana ukiwa bado umesimama mbele ya mmea wenyewe, na ukishaondoka umekiacha huko. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya hatua zilizomo humu ni za nje, penye baridi, na zilizobaki ndizo za mezani. Hatua hizi zinawafaa walio kaskazini mwa ikweta, ambako majira ya baridi huwa Disemba hadi Februari, na walio kusini, ambako huwa Juni hadi Agosti. Pasipoanguka theluji utaratibu ni huo huo, isipokuwa hatua ya tatu itakuhusu siku za jalidi nzito tu, pale barafu nyeupe inapoganda juu ya nyasi na majani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

- Kamera ya aina yoyote, au simu janja inayokuruhusu kuongeza na kupunguza mwangaza kwa mkono.
- Betri ya akiba iliyojaa. Kwa anayetumia simu, betri ya nje ya kuchajia pamoja na waya wake.
- Mfuko wa plastiki unaofungika bila kupitisha hewa, wenye nafasi ya kutosha kamera nzima.
- Daftari dogo na penseli. Kalamu ya wino hugoma kwenye baridi kali, penseli haigomi.
- Rula fupi, ya kuonyesha ukubwa wa vitu vidogo.
- Kitambaa laini kikavu, na glavu nyembamba unazoweza kubonyezea vitufe bila kuzivua.

Stendi ya miguu mitatu ni nzuri alfajiri na jioni mwanga unapokuwa hafifu, lakini usiifanye kuwa sababu ya kutotoka.

Hatua za nje

1. Chagua eneo dogo unaloweza kulirudia. Ukingo wa msitu, kijito, kilima kimoja au safu ya miti unayoifikia kwa miguu hutosha kwa majira mazima, kwa sababu eneo lile lile halifanani asubuhi ya jalidi, mchana wa mawingu na siku theluji inapoyeyuka. Wilson Bentley, mkulima wa Jericho katika jimbo la Vermont nchini Marekani, alipiga picha yake ya kwanza ya chembe ya theluji kupitia hadubini mwaka 1885, na hadi alipofariki mwaka 1931 alikuwa amepiga zaidi ya 5,000, akiishi pale pale alipozaliwa. Kuhusu saa, jua la majira haya hupita chini angani, hivyo mwanga wake huja kwa mshazari kwa sehemu kubwa ya siku na kuchora vivuli virefu hata mchana. Jalidi, hata hivyo, haisubiri: huanza kuyeyuka mara jua linapoifikia, kwa hiyo anayeitaka awe amefika kabla ya mapambazuko.

2. Weka betri ya akiba karibu na mwili. Baridi hupunguza kasi ya kemia iliyomo ndani ya betri za lithiamu, nayo kamera huona kama chaji imekwisha ilhali bado ipo. Betri iliyozimika ikikaa dakika chache kwenye mfuko wa ndani wa koti mara nyingi huamka. Usiichaji ikiwa bado ina baridi ya barafu, kwa maana kuchaji betri ya lithiamu chini ya nyuzi 0 za Selsiasi huiharibu kabisa. Iache kwanza ipate joto la chumba.

3. Ongeza mwangaza kila theluji inapojaa kwenye fremu. Kipimo cha mwanga cha kamera kimetengenezwa kwa kuamini kwamba mbele yake pana kijivu cha wastani, hivyo kikikutana na weupe mwingi hupunguza mwangaza mpaka theluji ifanane na majivu. Tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, kisha ongeza +1 siku ya mawingu na hadi +2 siku ya jua kali ambapo theluji imetawala picha nzima. Kwenye simu, gusa skrini juu ya theluji, ushikilie mpaka mwangaza ujifunge, halafu sogeza kidole kwenda juu. Usiamini skrini peke yake, kwani ukiwa katikati ya weupe mkali utaiona nyeusi kuliko ilivyo. Fungua histogramu, yaani mchoro wa mgawanyo wa mwanga kwenye picha, giza likiwa kushoto na weupe kulia: rundo la theluji linapaswa kukaa upande wa kulia, karibu na ukuta bila kuubana. Likiubana, michirizi na chembe za theluji zimepotea, wala hakuna programu itakayozirudisha.

4. Piga mandhari kabla ya kuikanyaga. Kosa hili hutokea mara moja na halifutiki: mtu anatembea hadi katikati ya uwanja mweupe kutafuta pembe nzuri, kisha anageuka na kukuta nyayo zake zimekata picha vipande viwili. Simama pembeni, tazama, piga, ndipo uingie. Kwa kuwa theluji hufuta vitu vingi, kile kimoja kinachobaki kitabeba picha nzima, kiwe ni ua wa miti, jiwe au mkondo wa maji usioganda. Kiweke mahali pa maana, na usawazishe mstari wa upeo wa macho. Theluji ikiwa inaanguka, kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya 1/250 ya sekunde au zaidi huzigandisha chembe zikawa vidoto, na kasi ya 1/30 huzigeuza kuwa michirizi. Zima taa ya kamera, la sivyo chembe za karibu zitakuwa madoa makubwa meupe. Usiingie juu ya ziwa au mto ulioganda kwa ajili ya pembe ya picha.

5. Piga kila mmea angalau mara nne. Hapa ndipo picha nyingi zinapokufa, nami ningekuomba uipe hatua hii muda kuliko nyingine zote. Mti usio na majani bado una utambulisho wake kamili, ila utambulisho huo umehamia mahali ambapo wengi hawaangalii.

Picha ya kwanza ni ya mmea mzima, ili umbo lake na mpangilio wa matawi vionekane. Ya pili ni ya gome, ikipigwa kwenye shina lililokomaa na wala si kwenye tawi changa. Ya tatu, ambayo ndiyo ya thamani kuliko zote, ni ya kitawi chenye matumba, yaani vile vifundo ambamo majani na maua ya msimu ujao yamejikunja. Angalia kama matumba yamekaa mawili mawili yakitazamana au yanapishana moja moja, kwa sababu swali hilo peke yake hupunguza orodha kwa kiasi kikubwa: ya jenasi (kundi la spishi zenye undugu) Acer na Fraxinus hutazamana, ya Quercus, yaani mialoni, na Fagus hupishana. Fraxinus excelsior ina matumba meusi kama masizi. Quercus huyakusanya kadhaa pamoja kwenye ncha ya kitawi. Fagus sylvatica ina matumba marefu, membamba, yaliyochongoka. Weka rula kando yake na upige kwa karibu kadiri lenzi inavyoruhusu kulenga.

Picha ya nne ni ya chochote kilichobaki: matunda yaliyokauka, koni, majani makavu yanayoning'inia, au yaliyolala chini ya mti, mradi uhakikishe hayakupeperushwa kutoka mti jirani. Kwa miti ya sindano, piga namna sindano zinavyoshikana na kitawi. Za msonobari, yaani jenasi Pinus, hutoka kwa mafungu, mara nyingi ya mbili, tatu au tano. Za Picea hutoka moja moja, na nyingi huviringika kwa urahisi kati ya vidole. Za Abies huwa bapa na hazikubali kuviringika.

Theluji ni pazia safi la nyuma ambalo wapigaji wa studio hulilipia. Shusha kamera mpaka kitawi kisimame mbele ya weupe mtupu, ongeza mwangaza kama ilivyoelezwa katika hatua ya tatu, na tumba litaonekana hadi magamba yake. Upepo ukikitikisa kitawi, kishike kwa mkono mmoja nje ya fremu. Usikivunje, na usiitikise theluji iliyolemea matawi ili kupata picha safi, kwa maana tawi lililoganda huvunjika kwa urahisi. Kumbuka pia kwamba chini ya theluji kuna mimea midogo iliyolala. Pita penye njia panapokuwa na njia.

6. Andika daftarini kabla ya kupiga hatua nyingine. Tarehe, saa, hali ya hewa, aina ya mahali (ukingo wa maji, mteremko, kivulini), urefu wa mmea kwa kukadiria, na kama umepandwa na mtu au umeota wenyewe. Jambo hili la mwisho watu hulisahau, nalo ndilo huulizwa kwanza na anayejua mimea.

7. Ifunge kamera kabla hujaingia ndani. Hewa ya ndani ina joto na unyevu, na ikigusa kamera iliyopoa unyevu huo hugeuka kuwa matone juu ya lenzi na hata ndani yake. Ukiwa bado nje, toa kadi ya kumbukumbu uitie mfukoni, tia kamera kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, ndipo uingie. Iache hivyo kwa saa moja au mbili mpaka joto lake lilingane na la chumba. Kadi unayo mkononi, kwa hiyo huna sababu ya kuufungua mfuko. Nilipuuza jambo hili siku moja kwa dakika tano tu, nikapata ukungu nyuma ya kioo cha mbele uliochukua siku mbili kuondoka.

Hatua za mezani

8. Chuja. Katika picha mia mbili, saba au nane ndizo zinazostahili kuonekana na wengine. Picha tano za mti ule ule katika theluji ile ile humchosha mtazamaji kuliko picha tano za kiangazi, kwa kuwa rangi ni chache na kurudiarudia hujitokeza upesi. Hata hivyo, usifute zile picha nne za utambuzi. Kati ya hizo unaweza kuonyesha moja na kuziambatisha nyingine kama ushahidi.

9. Hariri kwa kiasi. Nyoosha upeo, kata kingo zisizo na kazi, sahihisha mwangaza, basi. Kishawishi kikubwa hapa ni kuifanya theluji iwe nyeupe kabisa kila mahali. Theluji iliyo kivulini huangazwa na anga la bluu, hivyo kivuli chake ni cha bluu kweli, na ukiiondoa bluu yote picha inakuwa kama karatasi. Rekebisha rangi kwa kuangalia theluji iliyo juani, kisha uviache vivuli vifuate.

10. Tafuta jina la mmea, na ukubali kuishia kwenye jenasi. Programu za simu zinazokisia majina hufanya kazi vizuri zaidi zikiona majani na maua; zikipewa kitawi kitupu hukisia kwa ujasiri uleule na kukosea mara nyingi zaidi. Linganisha jibu lao na picha yako ya matumba kabla ya kuliandika. Kwenye iNaturalist, mradi wa mtandaoni wa kurekodi viumbe ulioanza mwaka 2008, uchunguzi wa mmea wa porini hufikia daraja la utafiti, yaani huhesabiwa kuwa wa kuaminika, ukiwa na picha, tarehe, mahali, na zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa majina wakikubaliana. Mti uliopandwa bustanini unapaswa kuwekewa alama ya kupandwa. Kama huna uhakika wa spishi, andika jenasi peke yake, kwa mfano Quercus. Jina pungufu lililo sahihi humsaidia mwenzako kuendelea. Jina kamili lililokosewa hunakiliwa na watu kumi kabla halijagunduliwa.

11. Andika maelezo yenye mambo, na ziache sifa. "Uzuri wa asili" haumwambii mtu chochote asichokiona mwenyewe. Linganisha na haya: "Fagus sylvatica, mti mchanga ulioota wenyewe, urefu kama mita tatu. Ukingo wa mashariki wa msitu, juu kidogo ya kijito. 14 Januari, saa mbili asubuhi, baada ya usiku wa jalidi. Majani makavu ya mwaka uliopita bado yameshikilia matawi ya chini." Kwa maelezo hayo, mtu aliye mbali anaweza kuuliza swali la maana, naye anayeishi jirani anaweza kwenda kulinganisha. Kwa jina la kisayansi, jenasi huanza kwa herufi kubwa na spishi kwa ndogo. Ongeza pia maandishi mbadala kwa wasioona, yakieleza kilichomo kwenye picha bila kurudia maelezo ya juu: "Matawi membamba yenye majani makavu ya kahawia yaliyozungukwa na barafu nyeupe kingoni, nyuma yake theluji tupu."

12. Amua mapema mahali pataonyeshwa kwa usahihi gani. Simu nyingi huandika latitudo na longitudo ndani ya faili la picha, na mtu yeyote anayelipata faili la asili anaweza kuzisoma. Picha za bustani yako hutaja nyumba yako. Ondoa taarifa hizo katika programu ya kuhariri, kisha uandike mahali kwa maneno, kwa kiwango unachokiridhia. Kwa mandhari ya kawaida hakuna haja ya kuficha. Kwa mimea inayochimbwa na wezi au wafanyabiashara, ficha. Maua ya Galanthus, ambayo mengi huchanua mwishoni mwa majira ya baridi, yamewahi kuchimbwa porini kwa wingi kiasi kwamba jenasi nzima imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa kusimamia biashara ya viumbe wa porini. Chaguo la kuficha mahali la iNaturalist huonyesha nukta ya kubahatisha ndani ya mstatili wa nyuzi 0.2 kwa 0.2, yaani takriban kilomita 22 kutoka kaskazini hadi kusini, na hilo linatosha.

13. Andaa faili, chagua leseni, tuma. Nakala ya JPEG yenye pikseli 2048 upande mrefu na ubora wa asilimia 80 hadi 85 huonekana vizuri kwenye skrini nyingi bila kumaliza bando la mtazamaji. Hifadhi rangi katika sRGB, mfumo wa rangi ambao skrini na programu nyingi huuelewa. Kuhusu leseni, yaani ruhusa unayowapa wengine kuitumia picha, zile za Creative Commons (CC) ndizo zinazotumika sana: CC BY humruhusu yeyote kuitumia picha mradi akutaje. CC BY-NC huzuia matumizi ya kibiashara. CC0 huachia haki zote. Fikiri kabla, kwa sababu leseni hizi hazifutiki kwa yule aliyekwisha kuipata picha. Anayelenga Wikimedia Commons ajue kwamba haipokei leseni zinazozuia matumizi ya kibiashara.

Mambo yakienda mrama

Theluji imebaki ya kijivu ingawa niliongeza mwangaza. Kwenye simu, huenda mwangaza ulijirudisha wenyewe uliposogeza kamera. Ufunge kwanza kwa kushikilia kidole, ndipo urekebishe, na uangalie tena baada ya kila picha ya kwanza ya sehemu mpya.

Picha yote ni ya bluu, hata palipo na jua. Kamera ilikosea kusoma rangi ya mwanga. Badilisha mpangilio wa rangi nyeupe kutoka wa kujiendesha hadi wa jua, au wa kivuli ikiwa umesimama kivulini.

Simu imezimika ikionyesha chaji ya asilimia arobaini. Rejea hatua ya pili. Iweke ndani ya koti na uitoe wakati wa kupiga tu.

Kuna ukungu ndani ya lenzi. Usiifungue na usiipulizie hewa ya moto. Iache mahali pakavu penye joto la kawaida hadi ukungu utoweke wenyewe.

Picha ilikuwa kali kwangu, imefika kwa wengine ikiwa imechakaa. Programu za kutumiana ujumbe hubana picha kabla ya kuituma. Itume kama faili au hati badala ya kuituma kama picha, ukikumbuka kwamba faili la asili husafiri pamoja na taarifa za mahali.

Rangi zimepauka baada ya kupakia. Mara nyingi picha ilihifadhiwa katika mfumo mpana wa rangi ambao programu ya upande wa pili haikuuelewa. Ihifadhi upya katika sRGB.

Hakuna aliyeutambua mmea wangu. Rudi ukapige matumba na gome kama hukuvipiga. Kama ulivipiga na jibu bado halijapatikana, funga uzi mwepesi kwenye kitawi, uandike mahali penyewe daftarini, na urudi majani yanapochipua, kisha uufungue uzi huo ukishamaliza. Niliwahi kuandika chini ya picha kwamba mti fulani wa sindano umekufa, kwa kuwa ulikuwa mtupu kabisa katikati ya wenzake wa kijani. Mwezi Aprili niliukuta umetoa mafungu ya sindano laini: ulikuwa wa jenasi Larix, ambayo hupukutisha sindano zake kila mwaka. Sikuifuta picha ya kwanza. Niliandika marekebisho chini yake pamoja na tarehe, nikaiambatisha picha ya Aprili kando yake.